Sumu Isiyojali Moto

Mavuno yakiingia ghalani, wasomaji wa Kitui na Makueni huniletea ujumbe uleule wa WhatsApp: mahindi yenye kuvu yachemshwe sana, kisha unywe limau na mkaa "kusafisha ini". Wengine wanauliza, punje isipokuwa na ukungu si ni salama? Si lazima. Punje inayong'aa yaweza kubeba sumukuvu iitwayo aflatoksini, bila dalili machoni.

Moto nao? Sumu hii huhitaji zaidi ya nyuzijoto 200 ivunjike. Sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe, huchemka kwenye 100 hivi. Kuvu hufa, sumu yake inabaki. Kukoboa mahindi yawe muthokoi hupunguza sehemu ya sumu, lakini hakuimalizi.

Ajabu ni kwamba ini lenyewe ndilo huinoa sumu hii. Likijaribu kuiondoa, vimeng'enya vyake huipachika oksijeni, na molekuli iliyokuwa imetulia hugeuka kitu chenye pupa, kinachong'ang'ania DNA kwenye herufi G. Jeraha hupenda kuangukia jeni ya p53, inayozuia seli zisizaane ovyo, tena mahali pamoja: kodoni ya 249, G ikawa T. Watafiti wakiikuta alama hiyo kwenye saratani ya ini, hushuku chakula chenye kuvu. Mwenye hepatitisi B hatari yake huzidi maradufu kadhaa. Sasa muulize muuza "detoksi" wa Facebook limau linaingilia wapi hapo.

Mwaka 2004, kabla ya WhatsApp, mahindi yenye sumu hii yaliua watu 125 kati ya 317 waliougua Kitui, Makueni na jirani zake. Uchunguzi ulionyesha waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba walikuwa hatarini zaidi. Ukweli kuhusu sumu hii uko mtandaoni, bure, lakini hausambai, kwa kuwa unamwambia mtu aliyevuna magunia mawili baada ya ukame kwamba moja ni la kutupwa. Uongo unamwokolea gunia. Ndiyo maana mgonjwa hufika zahanati akiwa amekunywa mkaa kwanza.

Basi: anika mahindi juu ya turubai. Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, iache itulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, anika tena. Yenye kuvu usimpe ng'ombe, sumu hupitia kwenye maziwa. Macho yakiwa manjano, hospitali siku hiyohiyo.