Noeli Mahali Ambapo Desemba 25 ni Siku ya Kazi



Kila mwaka, kipindi cha Majilio kinapoanza, sisi mapadre tunaulizwa swali lile lile na wazazi wenye watoto masomoni ng'ambo, na pia na waamini wanaosafiri Asia kwa biashara: Je, Mkatoliki aadhimisheje Noeli katika nchi ambayo karibu watu wote ni Wabudha? Wengine huuliza kwa hofu ya kutenda dhambi, wengine kwa uchungu wa kuwa mbali na nyumbani. Wote wanastahili kujibiwa. Tuitazame Thailand, nchi ambayo wafanyabiashara wa vito kutoka kwetu wameizoea, ili tuone Noeli inakuwaje huko na Kanisa linatufundisha nini.

Taa nyingi bila Mtoto

Zaidi ya asilimia 90 ya wananchi wa Thailand ni Wabudha. Wakatoliki hawafiki hata mtu mmoja kati ya kila watu mia. Hata miaka huhesabiwa kwa kalenda ya Kibudha: mwaka tunaouita 2025, kwao ni 2568. Desemba 25 si sikukuu ya taifa. Ofisi na benki hufunguliwa, na mfanyakazi hutakiwa kufika kazini kama siku nyingine yoyote.

Hata hivyo, mgeni anayetembea Bangkok mwezi Desemba hukuta maduka makubwa yamepambwa kwa miti ya Noeli, taa na nyimbo. Kila kitu kipo, isipokuwa Mtoto aliyelazwa horini. Hapo ndipo penye hatari kwa mwamini, nayo haitoki kwa Wabudha. Hatari ni kuridhika na mapambo, kupiga picha chini ya mti, kutuma salamu nyumbani, kisha kulala bila kumwabudu aliyezaliwa.

Huku kwetu Noeli hutubeba. Kengele hulia, kwaya huimba, jirani hutugongea mlango, na hata aliyelegea katika imani hujikuta kanisani kwa sababu mtaa mzima umekwenda. Ugenini hakuna kinachotubeba. Mwamini hulazimika kuamua mwenyewe kwamba usiku huu Neno wa Mungu alifanyika mwili, na kwamba hilo linatosha kumwondoa kitandani. Kwa sababu hiyo, Noeli ya ugenini hudhihirisha imani yetu ilikuwa imesimama juu ya nini.

Wajibu wetu kadiri ya sheria ya Kanisa

Noeli ni sikukuu ya amri popote duniani. Kadiri ya Kanuni ya 1248, amri ya kushiriki Misa hutimizwa popote inapoadhimishwa katika riti ya Kikatoliki, ama siku yenyewe ama jioni ya mkesha. Basi mwamini mwenye zamu tarehe 25 anaweza kushiriki Misa ya tarehe 24 jioni. Lugha isiwe kizuizi: mpangilio wa Misa ni ule ule, na Mwili wa Kristo ni ule ule. Jijini Bangkok, Kanisa la Mkombozi Mtakatifu linalohudumiwa na Mapadre Waredentori lina Misa kwa Kiingereza, nalo limejengwa kwa mtindo wa usanifu wa Kithai.

Pasipo padre, au kukiwa na sababu nzito kama kazi isiyoweza kuachwa au umbali mkubwa, hakuna dhambi. Kanuni hiyo hiyo inahimiza sala binafsi, sala ya familia au ya kikundi. Wawili au watatu wakikutana chumbani, wakasoma Injili ya Kuzaliwa kwa Bwana, wakasali Rozari na kuwaombea walio nyumbani, huo si mchezo wa kuigiza Noeli. Ni Kanisa linalosali.

Nyota ya Tha Rae na damu ya Songkhon

Tusidhani kwamba huko tunakwenda mahali ambapo Kristo hajafika. Vikarieti ya Kitume ya Siam ilianzishwa mwaka 1669, na Baba Mtakatifu Fransisko alizuru Thailand mwezi Novemba 2019 kuadhimisha miaka 350 ya tukio hilo. Kaskazini-mashariki mwa nchi, katika mkoa wa Sakon Nakhon, kuna kijiji cha Tha Rae ambacho wakazi wake wengi ni Wakatoliki. Wakati wa Noeli hutundika taa zenye umbo la nyota majumbani mwao na kufanya maandamano ya nyota, wakikumbuka ile iliyowaongoza Mamajusi.

Jirani, katika mkoa wa Mukdahan kandokando ya mto Mekong, kipo kijiji cha Songkhon. Mwishoni mwa mwaka 1940, Thailand ilipokuwa katika ugomvi na Ufaransa, Ukatoliki ulitazamwa kama dini ya adui, na waamini wakashurutishwa kuikana imani. Katekista Philip Siphong aliuawa kwa risasi Desemba 16. Desemba 26, siku moja tu baada ya Noeli, waliuawa masista wawili, Agnes Phila na Lucia Khambang, pamoja na waamini walei wanne, wote wanawake. Watatu kati ya hao walikuwa wasichana. Mdogo kuliko wote, Maria Phon, alikuwa na umri wa miaka 14. Mtakatifu Yohane Paulo II aliwatangaza wote saba kuwa Wenyeheri tarehe 22 Oktoba 1989. Noeli yao ya mwisho haikuwa na shamrashamra, lakini walijua kwa hakika ni nani aliyezaliwa.

Heshima bila kuchanganya ibada

Mateso hayo yalizaliwa na chuki za kisiasa. Tusiwabebeshe lawama Wabudha wa leo. Mwaka 2019 Baba Mtakatifu alimtembelea Patriaki Mkuu wa Wabudha katika hekalu lake, wakazungumza kwa amani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko *Nostra Aetate* la mwaka 1965, unafundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Basi tuvue viatu hekaluni, tuvae kwa staha, tuwaheshimu watawa wao. Lakini kufukiza ubani na kusujudu kama tendo la ibada si sehemu yetu. Mbudha hatarajii tuwe Wabudha. Akituuliza kwa nini tunafurahi, tumjibu kwa upole na kwa ukweli.

Enyi mnaosafiri, tafuteni ratiba ya Misa kabla hamjatafuta hoteli, na bebeni Biblia na rozari. Nanyi wazazi, mnapowapigia simu wanenu usiku wa Noeli, msiwaulize tu wamekula nini. Waulizeni kama wamesali, kisha salini nao papo hapo. Nasi tuliobaki nyumbani, ambako kengele bado zinatuita, tujiulize: zikinyamaza, tutakwenda?

Noeli njema kwenu nyote, popote mlipo.