Je, wajua zebaki huingia ubongoni ikashindwa kutoka?

Chupa ya nusu lita iliyojazwa zebaki ina uzito wa karibu kilo 7. Zebaki ndiyo metali pekee inayokaa majimaji katika joto la kawaida la chumbani, na haigandi mpaka baridi ifike nyuzi 39 chini ya sifuri. Wilayani Handeni, kuanzia Kwaluguru hadi Kang'ata kwenye kilima cha Magambazi, habari za zebaki huandamana na habari za dhahabu. Katika machimbo madogo ya Tanzania, mawe husagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa, kisha zebaki humiminwa ndani ya karai na kukandwa kwa mikono. Hushikamana na chembe za dhahabu ambazo jicho halizioni, ikauacha mchanga. Donge linalopatikana hutiwa motoni. Zebaki inaruka, dhahabu inabaki.

Hatari kubwa iko hapo motoni, ingawa wengi huogopa zaidi kuimeza. Zebaki ya majimaji ikimezwa hupita tumboni na kutoka karibu yote. Inayoingia damuni haifiki hata asilimia 0.01. Ikivutwa kama mvuke, mapafu huchukua takriban asilimia 80. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na ukiwa kidogo haumkohozi mtu, kwa hiyo anayeuvuta hana la kumshtua akasogea pembeni.

Kutoka mapafuni mvuke huyeyuka ndani ya damu. Atomu zake hazina chaji na hupenya mafuta kwa urahisi, na utando wa seli zetu umejengwa kwa mafuta. Kizuizi kinacholinda ubongo dhidi ya vitu vingi vya damuni hakiwezi kuzirudisha. Zikishaingia, kimeng'enya kiitwacho katalasi, ambacho kazi yake ya kila siku ni kuisafisha seli, huzinyang'anya elektroni. Sasa zina chaji, na zenye chaji hazipenyi tena. Zimenaswa kama samaki aliyeingia dema. Humo ndani hujifunga kwenye salfa na seleni za protini, na protini iliyofungwa hivyo haifanyi tena kazi yake.

Kwa anayevuta mvuke muda mrefu, vidole huanza kutetemeka. Mwandiko unaharibika, kikombe cha chai kinamwagika. Usingizi hupotea. Fizi huvimba na mate kujaa mdomoni. Halafu tabia inabadilika: aliyekuwa mchangamfu anakuwa na haya, anakasirika kwa jambo dogo, anasahau, anajitenga na wenzake. Uingereza ya karne ya 19 iliyaona mambo haya kwa mafundi wa kofia, waliotumia chumvi ya zebaki kutayarisha manyoya. Kwetu dalili hizi ni rahisi kusingiziwa malaria, pombe au uchawi, na hilo linaniuma kuliko yote, kwa sababu mgonjwa anabebeshwa lawama za sumu.

Figo nazo hukusanya zebaki kuliko kiungo kingine chochote. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika juu ya watu wazima waliovimba mwili kwa figo zilizovuja protini. Wengi wao walikuwa wamepaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki.

Mvuke pia huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana kuchomea donge kwenye jiko la mkaa la nyumbani ni jambo baya kupita yote. Mvuke unaopoa hutua ukutani, kwenye paa na kwenye matandiko, na baadaye hupanda tena kidogo kidogo wakati watoto wamelala. Zebaki inayofika majini ina njia nyingine: bakteria wa matope huigeuza kuwa methili-zebaki, inayoongezeka kutoka samaki mdogo hadi mkubwa. Ndiyo iliyowalemaza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitangazwa rasmi mwaka 1956.

Mkataba uliopewa jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Unazitaka nchi zikomeshe uchomaji wa wazi na uchomaji katika makazi ya watu. Kifaa cha kufanyia hivyo kipo: ritoti, chungu cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalopozwa kwa maji. Kinaweza kuundwa kwa viungio vya mabomba ya maji. Kikitumiwa vizuri hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki, nayo hutumika tena. Wachimbaji wengi hukikataa kwa sababu kinachelewesha na kinaficha dhahabu wakati wa kuchoma. Hofu hiyo naielewa, maana kwenye donge moja kuna wabia kadhaa na kila mmoja anataka kuona kwa macho yake.

Mtu akiacha kuvuta mvuke, nusu ya zebaki iliyomo mwilini hutoka kwa takriban miezi miwili. Dawa iitwayo DMSA huharakisha kazi hiyo, ila haifiki vizuri ubongoni. Mchimbaji anayetetemeka akifika hospitali aanze kwa kutaja kazi yake, kwa sababu zebaki ya mvuke hupimwa kwenye mkojo, na daktari asiyejua kwamba mgonjwa huchoma dhahabu hataagiza kipimo hicho.