Nyumba Njema si Mlango

Mwisho wa mwezi ufikapo, katika barabara za Nakuru huonekana malori na pikapu zilizobeba vitanda, masufuria na magodoro yaliyofungwa kwa kamba, na juu ya mzigo amekaa kijana akishikilia kioo cha kabati kisivunjike. Wengi wa wahamaji hao hutoka nyumba moja ya kupanga na kwenda nyingine ya kupanga. Lakini siku hizi wako pia wanaohamia nyumba yao wenyewe, nyumba mpya katika mtaa mpya, ambayo harufu ya rangi bado imo chumbani. Kwao hiyo ni siku ya furaha kubwa. Ni siku ya hatari pia, kwa kuwa akiba ya miaka 15 au 20 imekwisha kutolewa. Kiatu kikibana hurudishwa dukani; nyumba hairudishwi.

Wazee walisema kwamba nyumba njema si mlango. Methali hiyo yafaa kukumbukwa na kila mnunuzi, maana mambo yanayoharibu nyumba katika nchi ya Bonde la Ufa hayaonekani mlangoni. Yamo katika karatasi, katika udongo na katika maji. Rangi mbaya yaweza kupakwa tena kwa fedha kidogo, lakini hati mbovu na ardhi mbovu hazipakwi rangi.

TOKA KUPANGA HADI KUMILIKI

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Mji ukawa manispaa mwaka 1952, na tarehe 1 Desemba 2021 ukapewa cheo cha jiji, wa nne katika Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kwa sehemu kubwa ya historia hiyo, mfanyakazi Mwafrika hakutazamiwa kuwa na nyumba yake mwenyewe mjini. Alihesabiwa kuwa mgeni aliyekuja kwa kazi, ambaye mwishowe angerudi kwao. Alilala katika chumba cha mwajiri wake, au alipanga chumba cha Baraza la Mji katika mitaa kama Kaloleni na Kivumbini. Aliyekaa katika chumba cha mwajiri, kazi ilipokwisha, chumba nacho kilikwisha. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliunda bodi kuu ya nyumba, ambayo baada ya uhuru iligeuka kuwa Shirika la Nyumba la Taifa.

Leo njia za kupata nyumba ni nyingi. Wako wanaokopa katika vyama vya akiba na mikopo, na wako wanaokopa benki. Katika Bondeni, mmoja wa mitaa ya zamani ya mji, zimejengwa nyumba 605 katika mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Kwa sheria ya mwaka 2024, kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya mpango huo, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Lakini ifahamike kwamba kukatwa fedha si kupewa nyumba. Atakaye nyumba hana budi kujiandikisha, kuweka akiba na kuomba kama wenzake. Tena wako wanaonunua kwa wajenzi binafsi, upande wa Lanet na Kiamunyi, ambako mashamba ya mahindi yamegeuka kuwa mitaa.

MFANO WA MWALIMU NA MKEWE

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi na mkewe ambaye ni karani. Wamepanga vyumba viwili kwa miaka 14, na wamelea watoto watatu humo. Siku moja wanaonyeshwa nyumba mpya yenye vyumba vitatu vya kulala, bei yake shilingi 4,000,000. Sakafu ni ya vigae, jiko lina makabati, na dari ni nyeupe kama maziwa. Mwuzaji awaambia kwamba kuna watu wengine watatu wanaoitaka, na kwamba wakilipa kabla ya Ijumaa atawapunguzia bei. Mwalimu ashikwa na hamu. Tayari amekwisha kuona mahali atakapoweka rafu ya vitabu vyake.

Mkewe amvuta kando na kumwambia, "Baba watoto, nyumba nimeipenda. Lakini sijaona hati, wala sijui maji ya kunywa yatoka wapi. Ijumaa ya wiki hii si Ijumaa ya mwisho duniani."

Maneno hayo ni ya busara. Mwuzaji anayemharakisha mnunuzi amempa sababu ya kwenda polepole.

KARATASI

Jambo la kwanza ni hati miliki. Yapo mashamba mengi ya Nakuru ambayo, baada ya masetla kuondoka, yalinunuliwa na makampuni na vyama vya watu wengi waliochanga fedha. Kila mwanachama alipewa cheti cha hisa, kisha kipande cha ardhi, na wengine walingoja hati kwa miaka mingi. Kwa hiyo yampasa mnunuzi ajue kwamba cheti cha hisa si hati miliki, hata kikiwa na mihuri mitatu.

Mnunuzi aende katika afisi ya usajili wa ardhi, yeye au wakili wake, akaombe upekuzi rasmi wa hati. Upekuzi huo huonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama ni milki ya daima au ya kukodishwa kwa miaka fulani. Huonyesha pia kama ardhi imewekwa rehani, au kama kuna mtu aliyeweka zuio ili isiuzwe. Kisha mpimaji athibitishe alama za mipaka palepale uwanjani, kwa kuwa nyumba yaweza kujengwa vizuri sana juu ya ploti ya jirani. Kama ardhi ingali yahesabiwa kuwa shamba, ruhusa ya bodi ya ardhi yahitajiwa kabla ya kuuzwa. Kwa nyumba za ghorofa, sheria ya mwaka 2020 yampa kila mnunuzi hati ya sehemu yake, pamoja na fungu lake katika vitu vya shirika kama vile ngazi na uwanja.

Mapatano ya kuuziana ardhi hayana nguvu mbele ya mahakama yasipoandikwa, yakatiwa sahihi na kushuhudiwa. Kwa desturi mnunuzi hutoa asilimia 10 kwanza. Katika mfano huu ni shilingi 400,000, nazo ni bora zikae kwa wakili mpaka mambo yatimie, zisiingie mfukoni mwa mwuzaji. Mnunuzi akumbuke pia ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Kwa nyumba ya shilingi 4,000,000 mjini, huo ni shilingi 160,000 ambazo wengi husahau kuziweka katika hesabu. Anayenunua nyumba yake ya kwanza katika mpango wa bei nafuu husamehewa ushuru huo.

Mwalimu na mkewe wafanyapo upekuzi, waona kwamba ardhi yote ya mtaa ule imewekwa rehani benki, na kwamba haijagawanywa kisheria. Basi hawakimbii, wala hawalipi. Wakili wao aandika katika mapatano kwamba benki ifungue ploti yao kwanza, hati ya ploti itolewe, ndipo fedha zitoke. Jambo hilo lachukua miezi minne zaidi. Miezi minne ya kodi ya nyumba ni fedha ndogo ukilinganisha na shilingi 4,000,000 zilizopotea.

Tena hati na iandikwe majina mawili, la mume na la mke. Wakiwa wenye mali kwa shirika la pamoja, mmoja akifariki, nyumba humbakia mwenzake bila ugomvi wa jamaa. Isitoshe, sheria hairuhusu nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi wa pili.

UDONGO

Jambo la pili ni ardhi yenyewe. Mji wa Nakuru umekaa kati ya mlima Menengai, ambao ni volkano, na Ziwa Nakuru. Udongo wake kwa sehemu nyingi ni majivu ya volkano, mwepesi na wenye kupitisha maji upesi, na chini yake zimo nyufa za kale za Bonde la Ufa. Mvua kubwa ikinyesha, maji huingia katika nyufa hizo na kuyachukua majivu chini kwa chini, hata siku moja ardhi ya juu, isiyokuwa na kitu cha kuishikilia, hudidimia ghafula. Mambo hayo yametokea upande wa magharibi wa mji, katika Kaptembwa na Rhonda. Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilikatwa na ufa mrefu uliostaajabisha watu wa nchi nyingi.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi asitazame nyumba siku ya jua tu. Aje pia wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, atazame maji yanakopita. Atazame kuta za majirani, kama zina nyufa za mshazari zinazopanuka. Awaulize wenyeji wa zamani kama ploti ile ilikuwa shimo la mawe au bonde lililojazwa udongo. Mzee anayechunga mbuzi karibu na hapo aweza kujua jambo ambalo halimo katika ramani yo yote.

Maziwa nayo yana mipaka isiyotulia. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Naivasha yalipanda yakaingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto, na mwaka 2025 yakaingia tena. Ziwa Nakuru nalo limepanuka sana tangu mwaka 2010 hivi. Nyumba ya bei rahisi karibu na ziwa yaweza kuwa nyumba ghali kuliko zote.

MAJI

Jambo la tatu ni maji ya kunywa. Maji ya visima virefu katika Bonde la Ufa mara nyingi yana chumvi iitwayo floridi kupita kiasi. Kiasi kinachokubaliwa ni miligramu 1.5 katika lita moja, na visima vingi vya Nakuru huzidi hapo. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya kudumu yangali yanafanyika, yaani kabla ya kufika miaka 8 hivi, hupata meno yenye madoa ya hudhurungi yasiyotoka kwa mswaki. Floridi ikizidi sana na kwa miaka mingi, hudhuru hata mifupa.

Watu wengi hudhani kwamba kuchemsha maji kwatosha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi inayobaki huwa kali zaidi. Dawa yake ni chujio maalum. Jimbo Katoliki la Nakuru limejulikana kwa miaka mingi kwa kutengeneza chujio la mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambayo hunasa floridi; lakini mifupa hiyo hubadilishwa ikichoka. Njia nyingine ni kuweka mifereji ya mabati na tangi, kwa kuwa maji ya mvua hayana floridi. Basi mnunuzi auliza, maji ya mtaa huu ni ya mto au ya kisima? Yamepimwa lini? Akionyeshwa karatasi ya upimaji, vema. Asipoonyeshwa, achukue chupa moja akayapime mwenyewe.

SIKU ZA KWANZA

Kabla ya kupokea ufunguo, mnunuzi afungue kila mfereji, awashe kila taa, afunge kila mlango, na amwage ndoo ya maji bafuni aone kama yatoka upesi. Kasoro zote ziandikwe, na mwuzaji atie sahihi. Muda wa kuzitengeneza, ambao mara nyingi ni miezi 6, uwe umetajwa katika mapatano. Ufa mwembamba kama unywele katika lipu mpya ni jambo la kawaida, lakini utiliwe alama na tarehe kwa penseli, ili ijulikane kama unakua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Maji ya paa yapelekwe mbali na msingi, na miti ipandwe mbali na ukuta.

Haifai kununua viti vipya kwa mkopo mwezi ule ule wa kuhama. Mwenye nyumba hana tena mwenye nyumba wa kumwita paa likivuja. Fundi atalipwa na yeye. Aweke akiba kidogo kila mwezi kwa matengenezo, kama alivyokuwa akiweka kodi.

Mwisho, kuna majirani. Mtaa mpya ni kijiji cha wageni watupu, na kila mmoja angoja mwenzake amwamkie kwanza. Kuna mchango wa bawabu, wa taka na wa taa za njiani, na usipolipwa kwa uaminifu mtaa mzuri huharibika kwa miaka michache. Aliyehamia jana na ahudhurie mkutano wa wenye nyumba, asiseme kwamba yeye ni mgeni. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe.

Mwalimu na mkewe wahamia miezi minne baada ya Ijumaa ile waliyoharakishwa. Dari ni ile ile nyeupe, na rafu ya vitabu yawekwa mahali pale pale alipopaona mwalimu siku ya kwanza. Lakini hati imo ndani ya sanduku ikiwa na majina yao mawili, tangi la maji ya mvua limesimama kando ya jiko, na usiku mvua inyeshapo, wote wawili walala usingizi.