Wasemaji wa Kihispania na Sentensi za Kiingereza (2): Hatua Nne za Kukanusha

Wiki iliyopita tulieleza hoja ya Robert Lado, mwanaisimu wa Marekani aliyezaliwa na wahamiaji kutoka Hispania. Katika kitabu chake cha mwaka 1957, Linguistics Across Cultures, Lado alishikilia kwamba lugha mbili zinapofanana mwanafunzi hupita kwa wepesi, na zinapotofautiana ndipo hujikwaa. Leo tuipime hoja hiyo kwa jambo moja tu: namna ya kukanusha.

Kihispania hukanusha kwa kutanguliza "no" mbele ya kitenzi, basi. "No entiendo" ni "sielewi". Kiingereza hakiridhiki na hilo. Kinadai kitenzi kisaidizi "do", ambacho chenyewe hakina maana, kibebe nafsi na wakati, ndipo kikanushi kifuate: "I don't understand", "she doesn't understand", "they didn't understand". Kihispania hakina kitu cha namna hiyo. Kwa mujibu wa Lado, basi, tutarajie kusikia "I no understand". Na kweli ndivyo wanavyoanza.

Lakini baada ya hapo mambo hayaendi ovyo. Mwaka 1978 Herlinda Cancino, Ellen Rosansky na John Schumann walichapisha utafiti juu ya wasemaji sita wa Kihispania waliokuwa wakijifunza Kiingereza nchini Marekani: watoto wawili, vijana wawili na watu wazima wawili. Waliwafuatilia kwa miezi 10 hivi, wakirekodi mazungumzo yao. Wakaona njia moja yenye hatua nne. Kwanza ni "no" mbele ya kitenzi. Pili, "don't" inashika nafasi ya "no". Tatu, kikanushi kinakaa baada ya visaidizi kama "can" na "is". Mwisho kabisa zinakuja "doesn't" na "didn't" zikitumika mahali pake.

Hatua ya pili ndiyo inayowadanganya walimu. Mwanafunzi akisema "I don't like it", tunampongeza kwamba ameelewa. Subiri kidogo utamsikia akisema "he don't like it", au hata "I don't can explain". Hapo unagundua kwamba kwake "don't" ni kipande kimoja kisichogawanyika. Amebadilisha neno, ila kanuni ni ile ile ya Kihispania: kikanushi mbele, kitenzi nyuma.

Je, ni kweli kwamba kanuni hiyo ameitoa kwenye Kihispania? Hapa hoja ya Lado inaanza kuyumba. Mtafiti wa Norwe, Roar Ravem, alimchunguza mwanawe mdogo akijifunza Kiingereza. Kinorwe huweka kikanushi baada ya kitenzi, kwa hiyo mtoto yule angetarajiwa kusema "I like not that". Hakusema hivyo. Alisema "I not like that", akitanguliza kikanushi kama wasemaji wa Kihispania. Hatua ya kwanza, kumbe, haitokani na lugha mama peke yake. Kazi ya lugha mama ni nyingine: huamua mtu atakaa hatua hiyo kwa muda gani. Msemaji wa Kihispania akiikuta inalandana na lugha yake, haoni haraka ya kuondoka.

Mmoja wa wale sita hakuondoka. Ni mtu mzima kutoka Costa Rica, mwenye umri wa miaka 33, aliyepewa jina la Alberto katika utafiti. Miezi yote ile alibaki na "no" yake. Schumann alijaribu hata kumfundisha ukanushi waziwazi. Katika mazoezi Alberto alijibu vizuri zaidi, ila akianza kuzungumza kwa hiari yake alirudi kule kule. Schumann hakuona kwamba akili ndiyo iliyopungua. Alilitafuta jibu katika umbali wa kijamii uliokuwepo kati ya Alberto na wasemaji wa Kiingereza waliomzunguka.

Msomaji wa Kiswahili asidhani haya ni ya mbali. Kihispania kinaweza kuacha kiima, kwa kuwa umbo la kitenzi linatosha kumtambulisha mtendaji, nasi husema "anasoma" bila kumtaja mtu. Kihispania huuliza swali kwa kupandisha sauti, nasi pia: "Unakaa hapa?" "Quiero que vengas" inakaribiana na "nataka uje", huku Kiingereza kikidai "I want you to come". Mwanafunzi wetu anayeandika "I want that you come" anakosea sawasawa na mwenzake wa Bogotá, na kwa sababu ile ile.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu ni hili. Kabla ya kupiga mstari mwekundu, liulize kosa limetoka hatua ipi. "He don't like it" ya mwanafunzi aliyekuwa akisema "he no like it" ni maendeleo, na inastahili kusahihishwa kama maendeleo. Na mazoezi ya daftarini hayatoshi: mpe mwanafunzi watu wa kuzungumza nao. Wiki ijayo tutaangalia maswali.