Bitana, Mpako, Utando na Ukoko: Istilahi za Kinga ya Tanuri

Vifaa vinavyokaa katika moto mkali havidumu ila kwa kukingwa. Tofali la tanuri la saruji, waya unaopasha moto tanuri la umeme, na bamba la chuma linalobeba vyote hivyo, kila kimoja kina kitu juu ya uso wake kinachokizuia kisiyeyuke, kisiliwe na hewa au kisigandwe na takataka. Lugha za kigeni aghalabu hukitaja kitu hicho kwa neno moja, na mfasiri wa Kiswahili naye hushawishika kulitilia neno moja: rangi, plasta au tabaka. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba neno hilo moja limebeba mambo yaliyo mbalimbali, kwamba Kiswahili kina jina la kila jambo, na kwamba kuyachanganya ni kumpoteza fundi.

Neno rangi halifai, na sababu yake ni rahisi. Mafuta yanayoishikanisha rangi ya kawaida huungua hata kabla chuma hakijawa chekundu, na chuma huanza kuonekana chekundu kwenye digrii 500 hivi za sentigredi. Moto wa tanuri hupita hapo mara mbili au mara tatu. Neno tabaka halina kosa, lakini ni pana mno: kila kilicholala juu ya kingine ni tabaka. Fundi anayeambiwa "kagua tabaka" hajui akague nini.

Tuanze na kinga iliyo nene. Washonaji wetu huita bitana kile kitambaa cha ndani ya koti. Tunaona kwamba neno hilo lafaa kabisa kwa ukuta wa ndani wa tanuri, yaani ule wa matofali au udongo unaokaa kati ya moto na bamba la chuma. Bitana hujengwa, na hupimwa kwa sentimita. Vitu vyake huchaguliwa kwa kuwa haviyeyuki upesi: chuma huyeyuka kwenye digrii 1,538, lakini alumina, yaani oksidi ya alumini, huyeyuka kwenye digrii 2,072 hivi, na magnesia, yaani oksidi ya magnesi, huvuka digrii 2,800. Jambo hili si geni kwetu. Wazee wa Buhaya waliojenga tena tanuri za kufulia chuma katika miaka ya 1970, wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery wakishuhudia, walilikandika shimo la tanuri kwa udongo wa kichuguu. Jiko la mkaa lenye udongo wa kuchomwa ndani ya bati, lililoanza kuenea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, nalo lina bitana.

Kinga ya pili ni nyembamba, nayo huwekwa kwa mkono au kwa mashine juu ya kitu kilichokwisha kuundwa. Hii tunaiita mpako, kutokana na kitenzi kupaka. Mpishi wa kuni anayepaka majivu yaliyokorogwa kwa maji upande wa nje wa sufuria, ili masizi yasigande, ametia mpako. Viwandani mpako hupakwa kwa brashi, hurushwa kwa bomba la hewa, au hunyunyizwa ukiwa umeyeyuka, na unene wake huwa ni wa milimita au sehemu ya milimita.

Hapa yapasa kueleza kwa nini mpako hubanduka, maana hilo ndilo lalamiko la kila siku. Kila kitu hutanuka kikipata joto, lakini havitanuki sawasawa. Mita moja ya chuma ikiongezewa digrii 1,000 hurefuka kwa zaidi ya milimita 12. Mita moja ya alumina hurefuka kwa milimita 8 hivi. Na mita moja ya kioo cha silika hurefuka kwa kama nusu milimita tu. Mpako usiofuatana na mwenzake hupasuka tanuri linapowashwa na hudondoka linapopoa. Ndiyo maana mafundi hutia kwanza mpako mwingine wa kati, unaoshikana na pande zote mbili. Huo tunapendekeza uitwe mpako mshikizo.

Mfano mzuri ni zirkonia, ambayo huyeyuka karibu na digrii 2,700 na haipitishi joto upesi. Zirkonia tupu haifai kupakwa, kwa kuwa inapopoa na kushuka chini ya digrii 1,000 na kitu hubadili umbo lake la ndani, ikavimba na kupasuka. Ikichanganywa na itria, kiasi cha sehemu 7 au 8 katika 100 kwa uzito, hutulia. Mchanganyiko huo hupakwa juu ya mapanga ya mitambo ya gesi, nao huyapunguzia joto kwa digrii zaidi ya 100. Lakini hupunguza kwa sababu ndani ya mapanga hayo hupitishwa hewa ya kuyapoza. Kitu kisichopozwa upande wa pili hatimaye hupata joto lilelile, kiwe na mpako au kisiwe nao. Kwa hiyo istilahi mpako wa kupunguza joto isitumiwe ovyo kwa kila mpako wa tanuri.

Kinga ya tatu haipakwi na mtu. Mwaka 1906 Mmarekani Albert Marsh alipata hataza ya waya wa nikeli na kromi, ambao ndio uliowezesha majiko na tanuri nyingi za umeme. Siri ya waya huo ni kwamba ukipata moto, kromi iliyomo hushikana na oksijeni ya hewa na kufanya ngozi nyembamba iliyobana, ambayo huizuia hewa isipenye zaidi. Waya wa chuma, kromi na alumini hufanya ngozi ya alumina, nao huweza kufanya kazi hadi kwenye digrii 1,400 hivi. Chuma kitupu nacho hufanya ngozi, lakini yake hulegea na kubanduka magamba magamba, kila gamba likiondoka na sehemu ya chuma.

Ngozi hiyo iliyobana tunapendekeza iitwe utando, kutokana na kitenzi kutanda, kama vile tusemavyo utando wa maziwa. Ile inayobanduka iitwe gamba. Tofauti hii ina faida kubwa. Fundi anayedhani kwamba weusi ulioujia waya mpya ni uchafu, akausugua kwa msasa, ameuvua waya kinga yake. Maelekezo yakisema wazi "acha utando utande kabla ya kutia mzigo tanurini", hatausugua.

Maneno mpako na utando huweza kukutana katika kitu kimoja. Molibdeni huyeyuka kwenye digrii 2,623, na mtu angedhani haihitaji kinga. Kumbe oksidi yake huyeyuka kwenye digrii 795 tu na kupotea kama moshi, hata kipande kizima kikaisha hewani. Molibdeni hupakwa basi silisidi yake yenyewe. Nayo silisidi ikipata moto hutandwa na kioo cha silika. Hapo twaweza kusema kwa ufasaha: mpako ni wa silisidi, utando ni wa silika. Anayetumia neno moja kwa vyote viwili hawezi kuieleza sentensi hiyo.

Kinga ya nne ndiyo iliyo rahisi kupotosha mfasiri. Katika tanuri la saruji linalozunguka, kama yale ya Wazo, Dar es Salaam, ambako saruji ilianza kutengenezwa mwaka 1966, mawe ya chokaa na udongo huchomwa hadi digrii 1,450 hivi yakawa klinka. Sehemu yake huyeyuka na kugandamana juu ya matofali. Kiganda hicho chatakiwa, kwa maana ndicho kinachoyakinga matofali na mwali wa moto. Kikidondoka, kama itokeavyo tanuri likizimwa na kuwashwa mara kwa mara, matofali huliwa, na mwishowe doa jekundu huonekana nje juu ya bamba la chuma. Kikizidi unene, hufanya pete inayoziba njia. Wageni hukiita kiganda hicho kwa neno lilelile la mpako. Mfasiri akiandika "dumisha mpako", mfanyakazi atauliza ndoo ya mpako iko wapi. Neno lake tunalo jikoni: ni ukoko, kile kinachoganda chunguni kutokana na chakula chenyewe.

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi hizi:

Bitana: ukuta wa ndani wa tanuri, wa matofali au udongo. Bitana hujengwa.

Mpako: kinga nyembamba iliyotiwa na fundi. Mpako hupakwa.

Mpako mshikizo: mpako wa kati unaoshikanisha mpako wa juu na kitu chenyewe.

Utando: ngozi iliyobana, itokanayo na kitu chenyewe kikishikana na hewa. Utando hutanda.

Gamba: ngozi iliyolegea isiyokinga. Gamba hubanduka.

Ukoko: kiganda kitokanacho na vitu vinavyochomwa. Ukoko hugandamana.

Msomaji ataona kwamba kila jina lina kitenzi chake, na kitenzi hicho humwambia fundi ni nani atendaye kazi: yeye mwenyewe, hewa, au tanuri. Wenzetu walio viwandani ndio watakaoyapima maneno haya. Likiwapo neno ambalo tayari wanalitumia kwa maana hizi, na linalotenganisha mambo haya vizuri zaidi, hilo ndilo listahililo kushika mahali pa letu.