Ozoni Inayoliwa na Chumvi

Huku Kasigau neno kaboni si geni. Mwaka 2011 nyika yetu iliyo kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi iliingia vitabuni: mradi wake wa kulinda misitu, uitwao REDD+, ulikuwa wa kwanza duniani kupewa hati za kaboni chini ya kiwango cha VCS. Kinachonikera ni kuona ozoni inatiwa kwenye kapu hilo hilo. Mvua ikikosekana Makwasinyi au Bungule, hakosi mtu wa kusema ni kwa sababu ozoni imetoboka.

Tundu la ozoni halituletei ukame. Liko juu ya Antaktika, kilomita 15 na zaidi kwenda angani, na lililolitoboa ni klorini ya viwandani. Dawa yake ilipatikana katika Itifaki ya Montreal ya 1987, ambayo sekretarieti yake iko Nairobi. Ila ozoni ikiwa huku chini, kwenye hewa tunayoivuta, haimkingi mtu na chochote. Inawasha mapafu na kubabua majani, na maharagwe ni kati ya mimea inayodhurika upesi. Hutokea moshi wa magari, wa matanuri ya makaa na wa moto wa nyika unapokutana na jua kali. Jua tunalo, makaa yapo, na malori ya barabara ya Mombasa hayalali.

Sasa kuna mahali ambapo ozoni hii ya chini huisha kabisa, bila sheria wala mkutano.

Alert ni kituo cha Kanada kilichoko takriban kilomita 800 kutoka Ncha ya Kaskazini. Katika miaka ya 1980 vipimo vya huko vilionyesha jambo la ajabu. Kila majira ya kuchipua, bromini iliyonaswa kwenye vichujio vya hewa ilipopanda, ozoni ilishuka. Leonard Barrie na wenzake walilitangaza hilo mwaka 1988. Kwa kawaida hewa ya huko ina ozoni kama sehemu 30 hadi 40 katika kila sehemu bilioni moja, lakini kwa muda wa saa chache au siku moja mbili hivi hushuka ikawa karibu na sifuri.

Mkosaji ni chumvi. Bahari inapoganda, barafu haikubali chumvi yote ibaki ndani yake. Nyingine husukumwa juu, ikatapakaa usoni na kwenye theluji. Ndani ya chumvi hiyo mna bromidi kidogo sana: lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 65 tu. Usiku wa Aktiki, unaodumu miezi, bromidi hiyo hukaa kimya. Jua likirudi mwishoni mwa Februari, mambo hubadilika. Mwanga hupasua molekuli ya bromini ikawa atomi mbili, na kila atomi hunyakua oksijeni moja kutoka kwa ozoni, ambayo hubaki oksijeni ya kawaida tu. Atomi iliyoshiba hubadilishwa na hewa ikawa asidi, kisha ikatua tena kwenye theluji ya chumvi. Hapo hukutana na bromidi iliyolala, na zote mbili huruka hewani pamoja zikiwa bromini mpya. Ni mbuzi mmoja aliyeingia bomani akatoka na mwenzake. Jua huwatenganisha, kila mmoja hula ozoni yake, hurudi bomani, hutoka na mwingine. Wawili huwa wanne, wanne huwa wanane. Wanasayansi huuita mlipuko wa bromini, na kwa mara moja sioni kama wametia chumvi.

Hewa ikitulia na baridi ikaibana karibu na ardhi, mlipuko huendelea mpaka ozoni iishe. Upepo ukivuma, hewa ya juu huchanganyika na ya chini na ozoni hurudi.

Kuna habari mbaya zaidi ndani yake. Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba zebaki nayo hutoweka hewani huko Alert siku zile zile. Bromini huigeuza ikanata na kuangukia theluji, na sehemu yake hufika baharini, kwa samaki na sili, kisha kwa watu wanaowala. Hapo Afrika Mashariki hatuna pa kujificha. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa zebaki nyingi kuliko shughuli nyingine yoyote ya binadamu, zaidi ya theluthi moja ya yote ambayo binadamu huingiza hewani. Zebaki inayochomwa kwenye makarai ya Migori na Geita huweza kukaa hewani miezi kadhaa, na haiulizi mpaka wa nchi.

Wala isidhaniwe kwamba lazima pawe na barafu. Bahari ya Chumvi, kule Mashariki ya Kati, imepimwa na kukutwa na bromini inayomaliza ozoni kwenye joto kali. Hata bahari za kitropiki hula ozoni polepole, kwa jua, mvuke na halojeni (jamii ya bromini), kama ilivyopimwa Cape Verde. Ndiyo maana hewa ya katikati ya bahari huwa na ozoni haba. Kusi linalotuletea ukungu mlimani Kasigau hutoka baharini, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, kisha hukutana na moshi wetu njiani.

Je, linafika likiwa na ozoni kiasi gani? Kenya hurusha puto la kupima ozoni kutoka Dagoretti, Nairobi, na ina kituo kingine Mlima Kenya, kwenye mita 3,678. Kote huko ni mbali na kunde na pojo zetu. Tumehesabu kaboni ya kila mti, hewa ya kuvuta tukaiacha. Sehemu ya fedha za kaboni ingenunua kipimo kimoja kikae Rukanga, shuleni, watoto wasome namba zake wakati wa kusi na wakati wa kaskazi.