Rufani Isiyofuatwa Hufa

Ndugu wasikilizaji wa Bunia, Irumu, Djugu, Mahagi, Mambasa na Aru, baba na mama mlio kambini, wazee wa mitaa, mashefu wa grupema: neno la leo ni la shamba na la tribinali. Mtu amekata rufani, anangoja, kisha anasikia imetupwa bila kusikilizwa. Kwa nini?

Tuanze mwanzo. Ugomvi wa ardhi ya desturi huanza katika tribinali ya amani. Asiyeridhika hupeleka rufani kwa tribinali kuu. Shauri lililoanzia tribinali kuu, kama lile la shamba lenye sertifika, hupanda hadi korti ya rufani. Zamani, Ituri ilipokuwa wilaya ya Mkoa wa Mashariki, korti hiyo ilikuwa Kisangani, mamia ya kilomita ng'ambo ya msitu. Leo Ituri ni mkoa, tangu 2015, na korti ya rufani iko hapa Bunia.

Una siku 30 za kukata rufani, toka siku uliyopashwa hukumu kwa njia ya sheria. Lakini kukata rufani ni kufungua mlango tu. Aliyefungua ndiye apaswaye kuingia: alete nakala ya hukumu, alipe gharama, afike siku ya kuitwa. Asipofika, wala avoka wake, mpinzani anaweza kuomba rufani iondolewe bila kuchungua kiini cha shauri. Sheria ya mwaka 1960 yaruhusu hivyo; mawakili huita defo-konje. Siku 30 zikiwa zimekwisha, hukumu ya kwanza yabaki na nguvu zake.

Sasa sikia vizuri. Mwamuzi hakusema wewe ni mwongo. Hakusema mpaka uko mtoni au kwenye mti. Amesema tu: aliyeita hakuja. Labda wewe ulikuwa Kigonze, na barua ya kuitwa ilipelekwa kijijini ambako hakuna tena nyumba. Ni uchungu mkubwa. Lakini huo si ushahidi kwamba kabila jingine limenunua tribinali. Kumbukeni mwaka 1999: ugomvi wa makonsesio katika Walendu-Pitsi, Djugu, uligeuka vita. Hadi 2003, yakadiriwa watu zaidi ya 50,000 walikufa, na mamia ya maelfu walikimbia. Hakuna shamba hata moja lililopimwa kwa panga.

Basi ufanye nini?

Moja: ukihama, mpashe grefye habari. Mwambie kambi, bloki, na jina la mkuu wa kambi.

Mbili: andika nambari ya shauri lako, ile inayoanza na herufi RCA, na uitunze pamoja na karatasi ya kura. Uliza kila mara siku ya kusikilizwa.

Tatu: kama barabara haipitiki, mtume avoka, au mtu mwenye barua ya mamlaka ambaye tribinali itamkubali.

Nne: kama huna feza, omba kwa wakuu hati ya kuwa huna uwezo, uipeleke tribinali mapema.

Tano: ukisikia rufani imetupwa, nenda kwa grefye siku ile ile. Uliza kama njia ingalipo na siku ngapi zimebaki. Kulala wiki mbili kwa hasira kwaweza kukufungia mlango wa mwisho.

Nanyi mashefu: barua ya kuitwa ikifika mikononi mwenu, msiiweke mfukoni. Mtafuteni mwenyewe, hata kama si wa kabila lenu. Barua moja iliyofikishwa yaweza kuzuia moto.

Na wewe uliyeshinda kwa sababu mwenzako alikuwa mkimbizini, usishangilie barabarani. Karatasi unayo, lakini jirani atarudi. Mwite mkae chini mbele ya wazee, muandike mapatano, muyapeleke kwa mwamuzi. Hukumu inaweza kukupa shamba. Jirani ndiye atakayekuacha ulale ndani yake.

Amani ikae nanyi. Kwaherini.